Tuzihakiki gemu zetu, tusizipigie makofi tu

Majuzi nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi hujitafutia riziki kwa kuunda michezo ya video, au gemu kama vijana wanavyoiita. Alikuja na bahasha iliyojaa kurasa za majarida yaliyoandika kuhusu kazi yake. Nikampongeza. Akatabasamu kwa uchungu. “Prof, wote wamenisifu,” akasema, “lakini sidhani kuna hata mmoja aliyeicheza.”

Usiku huo nilizisoma kurasa hizo. Zilieleza alikozaliwa, jinsi stima ilivyokuwa ikipotea akiwa kazini, na ndoto zake za kesho. Gemu yenyewe ilipewa aya moja tu.

Hayo si yake peke yake. Mnamo 2007 Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi, gemu ya mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika, ilitangazwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika eneo letu. Mnamo 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanalivamia jiji letu kuu. Hiyo nayo ikatangazwa kuwa ya kwanza. Naam, kila moja ilikuwa ya kwanza kwa namna yake. Lakini katika nyumba ambamo kila mtoto anaitwa kifungua mimba, nani atamfahamu ndugu yake? Nani aliuliza Nairobi X ilisonga mbele kiasi gani ikilinganishwa na Nyangi? “Kwanza” ni sifa ya kalenda. Haitwambii lolote kuhusu ubora.

Tazama Wajapani. Jarida lao la Famitsu, lililoanza 1986, huwapa wahakiki wanne gemu moja, na kila mmoja huipa alama kati ya kumi. Gemu nyingi zinazopimwa humo ni za Wajapani wenyewe. Hata hivyo, alama kamili 40 hazikutolewa hadi 1998. Kwa miaka 12 hakuna aliyebebwa kwa sababu ni mwana wa nyumbani, na sekta yao haikufa.

Wapo watakaosema kwamba gemu zetu ni changa, tusiziponde. Nakubali kwamba kuponda si kuhakiki. Lakini kusifu bila kusoma pia si kuhakiki. Kwa zaidi ya miaka 30 nimefundisha uhakiki wa fasihi, na sijaona mwandishi aliyekomaa kwa kuambiwa “hongera” pekee. Aliyekomaa ni yule aliyeonyeshwa ukurasa ambapo mhusika wake anakosa uhai.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa lugha. Mnamo 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya studio ya Uingereza iliyoasisiwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeibuni kutokana na majonzi ya kufiwa na babake. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Wahakiki wa ng’ambo walipima mapigano, miruko na usawiri wa huzuni. Hiyo ilikuwa kazi yao. Je, Kiswahili chake kinatiririka kama cha mtu aliyelelewa nacho, au kina harufu ya tafsiri? Swali hilo tungemwachia nani, kama si sisi?

Basi, wahariri wa majarida, nawasihi: mpeni mwandishi gemu aicheze hadi mwisho kabla hajashika kalamu. Atwambie kama sheria zake zinaeleweka, kama inafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu, kama inamaliza bando, kama kisa chake kinamgusa mchezaji na kama Kiswahili chake ni sanifu au ni cha mtaani, na kwa nini. Nasi wahadhiri tusikae kando tukidai kwamba hayo ni mambo ya watoto. Istilahi za kuhakikia ploti, mandhari na wahusika tunazo. Tuwaazime.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mtunzaji hufika ngomani, akaitazama ngoma ikichezwa, ndipo akatoa tuzo. Mwanafunzi wangu bado anamsubiri mtu wa kuitazama yake.