Kutazama Pumping Iron na Baunsa wa Ramisi

Robo saa haijaisha, Baunsa akabonyeza kitufe, filamu ikasimama. Akaniuliza swali ambalo sijalikuta kwa mhakiki yeyote niliyemsoma: "Huyu si mtu wa Austria? Sasa Marekani aliingiaje?"

Tulikuwa barazani kwake, Ramisi, laptopu yangu juu ya stuli, shuka limetundikwa kuzuia jua lisipige kwenye skrini. Jina lake sitalitaja, mwenyewe hataki. Sisi watoto tulimwita Baunsa, na mpaka leo ukimuuliza mtu wa bodaboda pale barabarani kama Baunsa yuko, hatakuuliza Baunsa yupi.

Makala za kushinda na shujaa wa utotoni nimezisoma nyingi na zinanichosha. Mwandishi anafika, anamkuta shujaa kazeeka, anasikitika aya mbili, anapanda matatu anarudi mjini. Mimi nilitaka tuwe na kazi ya kufanya. Kazi yenyewe ni Pumping Iron, filamu ya George Butler na Robert Fiore iliyotoka 1977, inayofuata watunisha misuli wakijiandaa kwa Mr. Olympia ya 1975. Picha za Arnold Schwarzenegger wa miaka ile utazikuta zimebandikwa kwenye jimu za mitaani ambako pengine hakuna hata mmoja aliyeitazama filamu. Baunsa naye hakuwahi kuiona. Arnold alimjulia pale pale tulipomjulia sisi sote, kwenye Commando, banda la video, shilingi kumi mlangoni, na sauti ya DJ ikitafsiri juu ya sauti ya filamu mpaka hujui lipi kasema Arnold na lipi kaongeza DJ.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka minane. Baunsa alikuwa anafanyia mazoezi chini ya mwembe nyuma ya nyumba yao: ekseli ya tela, na pande zote mbili makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukimhesabia. Ukiruka namba anakujua, hata kama uso umemjaa jasho na mishipa imemtoka shingoni. Ukihesabu vizuri unapewa kaimati. Nilijifunza kuhesabu kwa uaminifu pale, si shuleni. Na nilikuwa naamini, kwa akili ya mtoto, kwamba Arnold na Baunsa wanajuana.

Basi swali lake. Nikamjibu ninavyojua: Arnold alikwenda Marekani 1968, akiitwa na Joe Weider, mfanyabiashara aliyekuwa na magarida na mashindano ya misuli, na uraia akaupata 1983. Yaani wakati filamu hii inapigwa, mtu anayejitapa kila dakika kwamba yeye ni namba moja alikuwa mgeni katika nchi ya watu. Filamu hailioni hilo kama jambo. Hakuna karatasi, hakuna foleni, hakuna afisa nyuma ya dirisha. Mwili wake ndio pasipoti. Nimeitazama filamu hii mara nne na pengo hilo sikuwahi kuliona mpaka Baunsa aliponyoosha kidole.

Yeye aliliona kwa sababu kwao ni Wamakonde. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata miwa ya Ramisi, enzi za kiwanda cha sukari kilichoanza miaka ya 1920. Kiwanda kikafungwa 1988. Miwa iliisha, watu wakabaki, na waliobaki hawakuwa raia wa popote. Baba amezaliwa hapa, mtoto amezaliwa hapa, kitambulisho hakuna. Baunsa mwenye kifua kile aliwahi kwenda kujiandikisha kwenye shindano moja Mombasa akaulizwa kitambulisho, akarudi na feri ile ile. Kazi ya mlangoni kwenye klabu moja Diani alifanya miaka sita kwa kitambulisho cha kuazima, na kila mwisho wa mwezi mwenye jina anakata chake. Mpaka Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na Uhuru Kenyatta, rais wakati huo, akaagiza waandikishwe. "Nilikuwa nishafika thelathini na saba," aliniambia. "Kadi imekuja, kifua kishaanza kushuka."

Nasema haya kwa sababu yamebadilisha namna ninavyoihukumu filamu. Pumping Iron inauza wazo moja: mwili unaujenga mwenyewe, na ukishaujenga hakuna wa kukuzuia. Ni wazo zuri mno. Lilinifanya na mimi nijaze saruji kwenye makopo. Lakini ni wazo la mtu ambaye mlangoni hakuulizwa kitu.

Na mlango wenyewe wa filamu hii uko wapi? Pretoria. Mr. Olympia ya 1975 ilifanyika Afrika Kusini, ubaguzi wa rangi ukiwa umekaa kitini. Butler na Fiore wanapita pale kama watalii: ukumbi, jukwaa, mafuta mwilini, makofi. Mwaka uliofuata, 1976, Kenya ilijitoa kwenye Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini. Wanariadha wetu waliacha medali kwa ajili ya jambo ambalo filamu hii hailigusi hata kwa sentensi moja ya maana. Sisemi ingegeuka hotuba. Nasema kamera ilikuwa pale.

Ukitaka kuona kamera inavyochagua, mtazame Serge Nubret. Mtu mweusi wa Guadeloupe, kifua kipana kama mlango, kiuno chembamba. Kwenye daraja la wazito alitoka wa pili nyuma ya Arnold, mbele ya Lou Ferrigno. Lakini filamu imeshaamua kwamba pambano ni la Arnold na Lou, kwa hivyo Nubret anapita kama mtu aliyekosea chumba. Baunsa alikaa wima alipomwona. "Huyu ndiye mwenye mwili," akasema. "Mbona hawamuonyeshi?"

Tulipumzika saa nne na nusu, mahamri na mbaazi. Chai yake haina sukari. Aliona ninavyoitazama kikombe akacheka. "Kiwanda kimekufa, sukari imenibakia mimi." Kampuni nyingine ilikuja baadaye kupanda miwa upya, lakini yeye akisema kiwanda anamaanisha kile cha babu yake. Nikamuuliza kuhusu sindano, kwa kuwa Arnold mwenyewe amekiri baadaye kwamba alitumia steroidi, na filamu nzima haizitaji. Akasema wao sindano walizisikia tu. Kwao ilikuwa mayai, pesa zikipatikana.

Sasa niisifu filamu, maana ina haki yake. Ile asubuhi ya Pretoria, Lou anakula kifungua kinywa na wazazi wake, Arnold anakuja kuketi nao. Lou ana miaka 23, masikio yake yalipoteza usikivu tangu mdogo, na kocha wake ni babake mwenyewe. Arnold anaongea kwa upole, anatabasamu, anatania, anamsifia mama, na unaona yule kijana mkubwa kuliko wote anavyonywea kitini. Hakuna chuma kilichonyanyuliwa. Baunsa alianza kwa kucheka, kisha akanyamaza. "Mlangoni hupigani," akasema. "Mtu unamwongelesha vizuri mpaka ajione mdogo. Nimefanya sana. Si kazi nzuri." Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu, na ndiyo inayokuonyesha jinsi Arnold alivyofika baadaye kuwa gavana wa California.

Halafu ikaja ile sehemu niliyokuwa naiogopa. Arnold anasimulia kwamba baba yake alipofariki, ilikuwa imebaki miezi miwili kabla ya shindano, na hakwenda mazikoni. Anaeleza bila kutetereka, kana kwamba moyo nao ni msuli wa kufundishwa.

Mara ya kwanza niliiona filamu hii hosteli, mwaka wangu wa pili chuoni. Wiki tatu kabla, baba yangu alifariki alfajiri na akazikwa alasiri ile ile, kama desturi. Nilikuwa upande wa pili wa nchi na nilikuwa na mtihani saa tatu. Ningetoka, nisingewahi. Lakini sikujaribu hata kwenda stendi. Nikaingia kwenye mtihani. Nilipomsikia Arnold akisema yale, nilipumua. Nikajiambia, kumbe ndivyo wanavyofanya wanaofika mbali. Niliishi na kauli hiyo karibu mwaka mzima, mpaka nilipoacha chuo, na mtihani wenyewe haukunisaidia chochote.

Ukweli niliusoma baadaye. Miaka 25 baada ya filamu kutoka, Arnold alieleza kwamba kisa kile hakikuwa chake. Alikisikia kwa mtunisha misuli mwingine, akakitumia kwa kuwa kingependeza mbele ya kamera. Haiko peke yake: lile tukio la Ken Waller kupanga kumfichia Mike Katz fulana yake lilipigwa baada ya shindano kuisha. Wapo wanaosema hayo ni madoido, hii ni filamu, si ushahidi wa mahakamani. Fulana nakubali. Maziko sikubali. Ukimwambia mtu "hiki ni kisa changu cha kweli", kuna anayekaa gizani anakitumia kama fimbo ya kutembelea.

Nikamweleza Baunsa hayo yote. Yeye akashika sehemu moja tu. "Kwa hivyo kaazima."

"Kaazima, kaka. Kadanganya."

"Mimi pia niliazima. Miaka sita nilikuwa mtu mwingine kwenye karatasi." Akafikicha macho. "Mtu haazimi bure, dogo. Yule alikuwa anatafuta kuingia."

Hatukukubaliana, na bado sikubali. Yeye aliazima jina kwa kuwa alinyimwa lake. Arnold lake alikuwa nalo. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, kisha akasema kitu ambacho hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniambia.

"Mzee wako nilimbeba mimi. Mbele, kulia. Tulipokezana mpaka makaburini, lakini mimi sikumwachia mtu."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kama alikuwa mzito, swali la kijinga. Akasema hapana, ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Kulikuwa na tope, mvua ilinyesha usiku, na mtu mmoja alipoteza ndara akaendelea na mguu mtupu. Watu walijaa mpaka barabarani. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa.

Tukamalizia filamu. Arnold akashinda, akatangaza anastaafu, akavuta bangi yake mbele ya kamera. Nikamwambia Baunsa kwamba alirudi tena, 1980, Sydney, akashinda na ile.

"Nilijua," akasema. "Betri imebaki ngapi?"

"Tisa."

"Hebu rudisha pale kwa yule mweusi."