Tone Moja Tu

Kabla hajamgusa mgonjwa, muuguzi ananawa kwa sabuni na kuiacha mikono ikauke. Halafu anaitikisa chupa, na anaitikisa hasa, maana prednisoloni iliyomo haikuyeyuka. Ni chembe nyeupe zinazotuama chini. Asiyetikisa humpa mgonjwa dawa hafifu leo, na chupa ikikaribia kwisha humpa kali kupita kipimo.

"Bibi, tazama juu darini."

Anauvuta ukope wa chini kwa kidole mpaka ukafanya kijifuko, chupa ikining'inia juu yake, ncha isiguse popote. Tone likaanguka. Moja tu.

Bibi yangu alikuwa ametolewa mtoto wa jicho siku iliyotangulia, nami nilimsindikiza kliniki. Hilo "moja tu" ndilo nililorudi nalo nyumbani. Tumezoea kuamini kwamba dawa nyingi ndiyo inayoponya, lakini jicho halina pa kuiweka. Tone la kawaida ni kama mikrolita 30 hadi 50, na jicho kwa shida hubeba 30. Linalozidi humwagika shavuni, au huteremka kwenye kijitundu cha machozi kilicho karibu na pua. Ndiyo maana bibi alilalamika uchungu kooni. Kilichobaki nacho machozi hukisuuza. Halafu kuna konea, kioo cha mbele cha jicho, ambayo nje na ndani ina asili ya mafuta na katikati ina asili ya maji, hivyo dawa lazima iweze kupenya kote kuwili. Mara nyingi kinachofika ndani hakifiki asilimia 5 ya tone.

Kwa hiyo muuguzi alibana kwa upole pembe ya jicho karibu na pua, bibi akiwa amefumba, dakika 2 nzima. Dakika 5 zilipopita ndipo akachukua chupa ya pili, ya antibiotiki. Angeharakisha, tone la pili lingelisuuza la kwanza.

Wapasuaji wamepata namna ya kulipita lango hilo la konea. Kabla ya kupasua huliosha jicho kwa iodini ya povidoni. Wakimaliza, wengi huingiza antibiotiki ndani ya jicho lenyewe: miligramu 1 ya sefuroksimu katika mililita 0.1 ya maji ya chumvi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wasiopewa sindano hiyo walikuwa katika hatari ya kuambukizwa ndani ya jicho karibu mara 5 zaidi. Maambukizi hayo yanaweza kumpofusha mtu ndani ya siku chache. Nikifikiria kwamba kinga dhidi yake ni sehemu moja tu ya kumi ya mililita, naishiwa maneno.

Jioni zamu ilikuwa yangu. Karatasi ya ratiba tuliibandika ukutani: mara 4 kwa siku, halafu 3, halafu 2, halafu 1, kwa kuwa prednisoloni, ambayo ni steroidi, ikikatwa ghafla uvimbe huweza kurudi. Nikanawa, nikatikisa. Bibi alikwisha kuinua uso, macho darini, anasubiri.