Anachekwa Nani?

Kicheko ni neema, lakini mwenye akili huuliza kwanza: anachekwa nani, na kwa lipi?

Mwaka 1977 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Mind Your Language, mchezo wa darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza. Humo mlikuwa na Ali Nadim, Muislamu wa Pakistan, na Ranjeet Singh, Kalasinga. Mtungaji alikuwa Mwingereza, Vince Powell. Mwaka baada ya mwaka wageni hao hukosea maneno na kuzozana kwa dini zao. Hatuambiwi wana elimu gani wala huzuni gani. Mchezo ulikatizwa mwaka 1979 kwa sababu ya dhihaka hiyo.

Mwaka 1998 Waingereza wenye asili ya Bara Hindi walileta kwenye televisheni Goodness Gracious Me, waliyoitunga wenyewe. Kipande kimoja chaonyesha Wahindi katika mkahawa wa chakula cha Kiingereza: wanaagiza kisicho na ladha kabisa, na jina la mtumishi wanalivuruga. Hapo hachekwi mgeni. Yachekwa dharau yenyewe.

Basi mtoto akiigiza matamshi ya jirani yetu Mhindi, tusimchekee. Suratul Hujurati yakataza watu kuwacheza shere wenzao.