Raha yote chini ya sitini

Jamani, hii Jimny! Sina namna nyingine ya kuanza. Pua yake bapa imeelekea mteremkoni, chai ya Shagasha imejaa kulia na kushoto, na barabara inapinda tena kabla haijanyooka vizuri. Tuko Giheke, wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Usukani uko kushoto, gia ni tano za mkono, na kando ya fimbo ya gia imesimama fimbo nyingine fupi ya fowili, fimbo kwelikweli, si kitufe. Suzuki Jimny ya kizazi cha nne, milango mitatu, kijani cha msituni. Mwenye gari, mzee anayenunua kahawa vijijini, amekaa upande wa abiria na ameshashika mpini wa kwenye dashibodi kabla hata sijawasha.

"Usiogope, kijana wangu," ananiambia. "Hii haina mbio."

Haina mbio! Hapo ndipo raha yenyewe ilipo.

Rwanda si mahali pa kukanyagia mafuta. Barabarani kuna kamera ambazo wananchi wamezibatiza Sofia, na Sofia hajui undugu wala kujuana: ukizidisha mwendo, ujumbe wa faini unaingia kwenye simu yako. Vibao vinasema 60, kwingine 80. Sasa lete gari la nguvu za farasi 300 kwenye barabara ya kutoka Kamembe kupandia msitu wa Nyungwe. Utalifanyia nini? Utakaa nalo nyuma ya lori la saruji linalotoka Bugarama, injini imelala na wewe unapiga miayo. Jimny kwa mwendo huohuo iko kazini. Injini yake ya lita 1.5 inatoa nguvu za farasi 102 na torki ya Nm 130 tu, na gari zima halifiki kilo 1,200, kwa hiyo hakuna farasi anayekaa bure. Unashusha gia ya tatu, injini inapandisha sauti, unapinda, unaingiza ya nne, kona nyingine hiyo, tatu tena. Mikono ina shughuli, mguu wa kushoto una shughuli, uso unacheka wenyewe, na ukitupa jicho kwenye mshale uko 55. Leseni iko salama mfukoni!

Inayumba kwenye kona, sikatai. Ni gari refu kwenda juu, jembamba, limekalia ekseli nzima mbele na nyuma kama malori ya zamani, na usukani wake ni mvivu: unazungusha sana ndipo gari lianze kufuata. Dakika za kwanza nilikuwa nakata kona kwa mapande. Halafu mwili unaelewa. Unaanza kugeuza mapema kidogo, unaliacha gari liegemee, na likishaegemea linatulia hapo na kupita. Nimeendesha magari ya bei mara tatu ya hili ambayo hayakunishirikisha hata nusu ya hivi.

Na umbo! Taa za mviringo, viashiria vya mviringo vimekaa pembeni peke yake, grili ya matundu matano iliyorithiwa kutoka kwa babu zake wa miaka ya 1970 na 1980. Kila kitu kina kazi. Boneti ni bapa ili dereva aone pembe zote mbili za gari akiwa amekaa. Kwenye njia ya shambani yenye mtaro upande mmoja na migomba upande wa pili, hilo ni jambo kubwa. Dirisha la mlango limeshushwa ukingo wake karibu na kioo cha pembeni, unaona tairi lako linakanyaga wapi. Kuzunguka paa kuna mfereji mdogo wa kuchukua maji, kitu ambacho watengenezaji karibu wote wamekiacha. Mvua ilitukuta tukiwa tumesimama, na hapa mvua haibishi hodi. Nikafungua mlango nikijua nitalowa mapaja. Maji yakapita kwenye mfereji wake, yakaangukia nyuma ya mlango. Kiti kikavu! Nilifunga nikafungua tena ili nihakikishe, mzee akaniangalia kama ninaumwa.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyotupa mtihani. Kutoka lami kushuka kwenye mashamba ya kahawa ni udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa hata mbuzi hupita kwa adabu. Unasimama, unaihamisha ile fimbo fupi hadi 4L, taa inawaka kwenye dashibodi, na gari linageuka trekta dogo. Nguvu inayofika magurudumuni inaongezeka karibu mara mbili, mwendo unapungua vivyo hivyo. Tukafika mahali ambapo maji yamechimba mfereji wa kukatisha njia, tairi moja la nyuma likabaki hewani linazunguka. Breki ikalishika lile lililokosa kazi, nguvu ikahamia upande wenye ardhi, tukatoka. Bila kelele, bila kurusha tope. Chini kuna nafasi ya milimita 210 na pua inaweza kuukabili mwinuko wa nyuzi 37 bila kujigonga. Wenye magari makubwa ya nusu bilioni ya shilingi za Kitanzania wangeshuka kwanza kupima kwa macho. Sisi tulipita tukizungumza habari za bei ya kahawa.

Nani anatengeneza gari namna hii siku hizi? Kampuni ambayo tangu mwanzo imeishi kwa kubanwa. Michio Suzuki alianza mwaka 1909 huko Hamamatsu, Japani, na hakuanza na gari wala pikipiki, alianza na mashine za kufumia nguo. Seremala kwa mafunzo, fundi kwa damu. Pikipiki ilikuja mwaka 1952, na hata hiyo ilikuwa baiskeli iliyofungwa injini ya cc 36 iitwayo Power Free. Mwaka 1954 jina likawa Suzuki Motor, na mwaka uliofuata likatoka gari la kwanza, Suzulight, injini ya cc 360, magurudumu ya mbele yakivuta. Wakati huo magari mengi duniani yalikuwa yakisukumwa na magurudumu ya nyuma!

Hizo cc 360 hazikuwa hiari. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka daraja la magari madogo yenye nafuu ya kodi, na anayelitaka soko hilo alipaswa kufuata kipimo cha injini na cha urefu. Jimny ya kwanza, LJ10 ya mwaka 1970, ilizaliwa ndani ya kipimo hicho. Wazo lake lilitoka kwa kampuni ndogo ya Hope, iliyokuwa imebuni kigari cha fowili ikashindwa kukiuza. Osamu Suzuki, wakati huo bado si mkuu wa kampuni, akanunua haki zake. Ili urefu usizidi mita tatu, tairi la akiba halikuning'inizwa nyuma, liliwekwa ndani ya gari, nyuma ya kiti cha mbele. Kwa hiyo gari lilibeba watu watatu, na wa nne alikuwa tairi. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 25. Na ilipanda milima! Miaka 37 baadaye, mwaka 2007, Wachile wawili walichukua Suzuki ya ukoo huohuo, wakaifanyia marekebisho, wakaipandisha volkano ya Ojos del Salado hadi mita 6,688, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Fikiria mwenyewe.

Osamu Suzuki ndiye aliyeifanya kampuni hii kuwa ilivyo. Alishika uongozi mwaka 1978, mwaka uliofuata akatoa Alto kwa yeni 470,000, bei iliyowashangaza Wajapani, kisha mwaka 1982 akatia saini na serikali ya India mkataba uliozaa gari la Maruti 800 mwishoni mwa 1983. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94. Alikuwa bahili wa kusifiwa: kila gramu ya chuma isiyo na kazi ilimkera. Ukilifungua lango la nyuma la Jimny na kulisikia lilivyo jepesi, licha ya tairi lililoning'inizwa juu yake, unamsikia yeye.

Nasi huku tumeishi na ubahili huo miaka mingi, tena kwa furaha. Nenda soko lolote la Tanzania uone nani anashusha nyanya na mikungu ya ndizi: kirikuu, yaani Suzuki Carry. Kenya wakulima na madaktari wa mifugo waliijua Maruti Gypsy, ndugu wa Jimny aliyezaliwa India, kabla hawajaijua Jimny yenyewe. Uber ilipoanzisha huduma yake nafuu ya Chap Chap jijini Nairobi mwaka 2018, gari lililochaguliwa lilikuwa Suzuki Alto. Na wewe unayejivunia Toyota Starlet mpya, ile inayouzwa Afrika tangu 2020, samahani bwana, umepanda Suzuki Baleno iliyobadilishiwa nembo. Usikasirike. Umepata gari zuri.

Kwa Rwanda kuna kikwazo kimoja, na ukisimama Giheke unakiona vizuri kwa sababu mpaka uko karibu. Ng'ambo ya mto Rusizi, kule Bukavu, watu wanapita upande wa kulia wa barabara kama Rwanda, lakini magari mengi yana usukani wa kulia, yametoka Japani yakashukia Dar es Salaam au Mombasa. Hayo Rwanda haiyapokei: gari dogo linaloingizwa lazima liwe na usukani wa kushoto. Kwa hiyo bahari yote ya mitumba ya Kijapani, yenye Swift na Jimny za kila rangi, Mnyarwanda anaitazama tu. Ulaya nako Jimny ya abiria iliondolewa sokoni kwa sababu ya masharti ya hewa chafu, ikarudishwa kama gari la mizigo lenye viti viwili. Inabaki Ghuba. Ya mzee huyu ilitoka Dubai, na kwenye kona ya kioo cha mbele bado kuna alama ya gundi ya stika za kule.

Ushuru unasaidia kidogo. Injini ni cc 1,462, chini ya ule mstari wa 1,500 ambao watoza ushuru wa Rwanda na Kenya wote wanautazama. Lakini nisikudanganye: Jimny si bei ya chee tena. Dunia imeshaijua. Ilipotangazwa Japani ile ya milango mitano iitwayo Nomade, Januari 2025, kampuni ilikuwa imepanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Yakaja maombi kama 50,000 kwa siku chache, wakafunga daftari. Anayetaka raha hii kwa pesa kidogo atafute Swift ya gia za mkono. Haitapita kwenye tope la Giheke, lakini kwenye lami ya Kamembe kwenda Karongi, kona kwa kona kando ya ziwa, itamchekesha vilevile.

Makosa? Yapo, na nayasema huku natabasamu. Ya automatiki ina gia nne tu, teknolojia ya enzi za kaseti, achana nayo. Ukipata barabara iliyonyooka ukafika 100, upepo na injini vinakupigia kelele kwa pamoja na mazungumzo yanakwisha. Kwenye majaribio ya ajali ya Euro NCAP mwaka 2018 ilipata nyota tatu kati ya tano, mwenye familia ajue hilo. Na buti! Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, buti ni lita 85. Mfuko mmoja wa mchele wa Bugarama, chupa ya mafuta, basi. Mzee amevilaza viti vya nyuma tangu aliponunua gari na hajavisimamisha hata siku moja. Anasema kahawa haihitaji kukaa.

Ile ya milango mitano imeongezwa milimita 340 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na hapo abiria wa nyuma anapata pa kuweka magoti. Wenye watoto wachukue hiyo, wala sitawacheka. Mimi nipeni hii hii ya milango mitatu, gia za mkono, kijani cha msituni. Mizigo itafuata kwa bodaboda.