Wiki Mbili Zinazomaliza Mifuko

Vifaranga 200 wa nyama wanahitaji mifuko 13 ya chakula, kila mfuko kilo 50, hadi kufikisha kilo 2 za uzito hai kwa siku 35. Wafugaji wengi wa Chang'ombe, Dodoma, wataikubali hesabu hiyo. Balaa huanza mfugaji anapoigawa kwa tano, akatenga fedha sawa kwa kila wiki.

Tuifungue wiki kwa wiki. Kwa makadirio, kifaranga hula gramu 150 wiki ya kwanza, 370 ya pili, 650 ya tatu, 950 ya nne na 1,080 ya tano. Jumla ni kilo 3.2 kwa kuku, kilo 640 kwa banda. Wiki ya kwanza mfuko mmoja hauishi; ya tano peke yake inamaliza mifuko minne na ushee. Wiki mbili za mwisho zinakula zaidi ya asilimia 60 ya chakula chote.

Ndiyo maana mfuko wa fedha hutoboka wiki ya nne, finisha, yaani chakula cha wiki za mwisho, ikaanza kuongezewa pumba na mashudu ya alizeti, ambayo kanda ya kati hayakosekani. Mashudu yana protini, lakini nyuzinyuzi ni nyingi na asidi amino ya laisini ni haba. Kuku wanadumaa, siku ya kuuza inasogea, na ulichookoa wanakila chote.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Usiku wa Juni na Julai kuku hutumia chakula kujipasha joto: shusha mapazia mapema na uongeze makadirio kidogo. Joto la Oktoba na Novemba hupunguza ulaji: walishe alfajiri na jioni, na maji yasikauke.

Hasara iliyojificha zaidi ni ya baada ya siku ya 35. Kila kuku hula gramu 160 hivi kwa siku. Kuku 200 wanamaliza kilo 32. Kusubiri wateja siku tatu ni karibu mifuko miwili. Uzito unaongezeka, ni kweli, ila anayeuza kwa kuku mmoja mmoja, si kwa kilo, halipwi nyongeza hiyo. Kwa hiyo fedha ya finisha itengwe kabla vifaranga hawajaingia bandani, na wateja watafutwe wiki ya tatu, wakati chakula kinacholiwa bado ni kidogo.