Fundi Asiyeng'oa Waya

Ukihama kampuni ya ulinzi, fundi wa kampuni mpya mara nyingi hufika na maboksi. Hung'oa kila kifaa cha alamu kilichopo ukutani, akafunga vyake, akaondoka. Nyumba hubaki na matundu, nawe hubaki na ankara. Fundi ninayemsifu hapa hufanya kazi mitaa ya Lavington na Kileleshwa, Nairobi, naye huja na multimita, bisibisi na daftari.

"Mama, usitoe chochote kwanza," humwambia mwenye nyumba. "Wacha nione kilicho kizima."

Huanzia kwenye kisanduku cha chuma, ambacho aghalabu kimefichwa ndani ya kabati au chini ya ngazi. Mna bodi, betri ya volti 12 na nyaya nyembamba zisizo na maandishi yoyote, kwa sababu aliyezifunga alidhani hakuna mwingine atakayezigusa. Hachomoi hata mmoja kabla hajajua unakwenda wapi. Humwomba mtu afungue dirisha la jikoni, yeye macho kwenye kipimo, kisha huandika jina kwenye kipande cha utepe na kukibandika. Halafu dirisha linalofuata. Kazi hii pekee yaweza kumla asubuhi nzima, na hakuna mteja anayeiona kuwa ni kazi.

Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Mali ya mfumo wa alamu ni hizo nyaya zilizopitishwa ndani ya plasta nyumba ilipokuwa ikijengwa. Swichi ya sumaku ya mlangoni ni vipande viwili vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikisogea mbali, vinaachana na mkondo wa umeme unakatika. Haijui inalipwa na nani, na ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi.

Ugumu uko kwenye rezista. Mwisho wa kila waya huwekwa rezista ndogo ili bodi iweze kutofautisha waya mzima na waya uliochezewa. Bodi nyingi za chapa ya DSC hutarajia ohm 5,600, yenye mistari ya kijani, buluu na nyekundu. Za chapa ya Paradox hutarajia ohm 1,000, yaani kahawia, nyeusi na nyekundu. Ukibadilisha bodi, huenda ukalazimika kubadilisha rezista zote. Fundi mwenye haraka huzifunga palepale kisandukuni. King'ora kitalia akijaribu, na mteja atatia sahihi. Lakini mtu akiziunganisha nyaya mbili pamoja kule mlangoni, bodi itaona kila kitu ki shwari na mlango utafunguliwa kimya. Fundi wangu hubeba ngazi hadi kwenye kila sensa, hufungua kifuniko, akaiweka rezista mahali pake, mwisho kabisa wa waya. Hakuna atakayemkagua. Hufanya hivyo hata kwenye dirisha la stoo.

Anajua pia kuachilia. Betri iliyovimba haibembelezwi. Redio ya kupeleka ishara ni ya kampuni iliyotangulia, basi huirudisha. Sensa zisizo na waya mara nyingi huongea na bodi za mtengenezaji wao tu, kwa hiyo hamdanganyi mtu kwamba zitafaa. Baadhi ya bodi za DSC, fundi wa awali akiwa amezifunga kwa namba yake ya siri, hutoa mlio wa tik-tik-tik wa rilei zinapowashwa. Akiusikia, hujua bodi haitafunguka bila namba hiyo, basi huizima na kumwambia mwenye nyumba bei ya bodi mpya. Nyaya, sensa na king'ora hubaki.

Mwishoni hupita kila chumba polepole, kwani sensa ya mwendo hutambua joto la mwili linalosogea, huku mwenzake akiwa kwenye simu na chumba cha udhibiti cha kampuni. Haridhiki kuambiwa "ishara imefika." Huuliza imefika kwa jina gani. Askari wakija usiku lazima wajue kama ni jikoni au ni chumba cha watoto.

Nawe unayetaka kuhama, dai namba ya siri ya fundi kwa maandishi kabla hujalipa ankara ya mwisho. Kama vifaa ulivinunua, namba hiyo ni haki yako.