Kiungo Kisichosikika

Spika nzuri iliyotengenezwa miaka ya 1970 ni ngumu kuua. Sumaku yake haichoki upesi, sanduku lake la mbao likikingwa na maji na mchwa linaweza kumzika aliyelinunua, na koni yake ya karatasi ikinusurika na vidole vya watoto itaendelea kulia. Kinachotangulia kufa ni vitu vya pembeni: sponji ya ukingo wa koni inayooza ikawa unga, kapasita zinazokauka, na pale mahali pasipotazamwa na mtu, mgongoni mwa sanduku, waya unapoingia. Sponji na kapasita zimepata wasemaji wengi. Mimi namsifu fundi anayeshughulika na mgongo.

Ukiigeuza spika ya zamani mara nyingi unajua imetoka kwa nani kabla hujasoma kibandiko. Wajapani walipenda vibanio vya springi, chekundu na cheusi: unabonyeza kwa kidole gumba, unaingiza waya uliomenywa, unaachia. Waingereza wengi walipenda tundu la milimita 4, linalopokea ile plagi ya banana aliyoibuni Mjerumani Richard Hirschmann mwaka 1924. Wajerumani wenyewe, pamoja na Bang & Olufsen ya kule Struer, Denmark, wakashikilia plagi ya DIN, kidude cha plastiki chenye pini mbili, moja bapa na moja ya mviringo, ili mtu asikosee chanya na hasi. Kwenye baadhi ya redio za mezani za Kijerumani soketi yake ilikuwa na tundu la ziada. Chomeka plagi upande huu, spika ya ndani inanyamaza. Igeuze, zote zinalia, na chanya na hasi bado ziko mahali pake. Nani leo angejisumbua kuficha swichi ndani ya tundu?

Kuhusu hayo matundu ya milimita 4, kwenye spika mpya huja yamezibwa kwa vizibo vidogo vya plastiki. Sababu haituhusu sana. Plagi za umeme za bara la Ulaya zina pini zinazolingana na za banana kwa unene na kwa nafasi iliyo kati yake, kwa hiyo kuna hatari ya mtu kuichomeka spika ukutani. Sisi wa soketi za Kiingereza, zenye matundu matatu ya bapa, tunaving'oa kwa ncha ya bisibisi na dhamiri haitusumbui.

Huku pwani, Tanga, Mombasa na visiwani, kazi ya mgongoni haikosekani. Spika nyingi ziliingia majumbani mikononi mwa jamaa waliorudi kutoka Dubai au Maskati, nyingine zikaja baadaye kama mitumba, na zote zikakutana na hewa ya chumvi. Ukimenya waya wa zamani wenye ganda angavu unakuta shaba imegeuka kijani, na mara nyingine inanata vidoleni. Chumvi haistahili kubebeshwa lawama zote. Ganda la PVC lililainishwa kiwandani kwa dawa yenye asili ya mafuta. Miaka ikipita dawa hiyo huchuruzika kwa ndani, ikakutana na shaba na unyevu, na ukijani ukatambaa chini ya ganda mbali na mwisho wa waya. Fundi mvivu hukata sentimita mbili, akaona kijani, akakata mbili nyingine, mwishowe waya haufiki ukutani. Anayejua huutupa wote.

Vyuma viwili vinapogusana, jicho huona uso umelala juu ya uso. Ragnar Holm, Mswidi aliyechunguza mambo haya kwa miaka mingi katika maabara za Siemens mjini Berlin, alionyesha kwamba mguso wa kweli upo kwenye vijincha vichache tu, na umeme wote hupenya hapo. Kibanio kilicholegea kina vijincha pungufu. Kikishika kutu, hivyo vilivyobaki navyo hufunikwa. Ndiyo maana spika ya kushoto hunyamaza mtu akipita karibu na kurudi akilipiga sanduku kofi. Mwenye nyumba anatangaza kuwa spika imeungua. Haijaungua, imepoteza mguso.

Fundi ninayemsifu huanza kwa kutobadilisha kitu. Anasafisha kwa pamba na spiriti, anausugua uso wa kibanio kwa ufutio wa penseli (msasa ni mkali mno, hula ile ngozi nyembamba ya madini iliyopakwa juu), anaikaza springi, anasikiliza. Mara nyingi kazi imekwisha hapo, na malipo yake ni madogo kwa sababu hiyohiyo. Nampenda kwa hilo kuliko yule anayeitoa pasi ya kulehemu kwenye mkoba kabla hajaulizwa.

Ila kuna siku kiungo kimekufa kweli. Tuchukue plagi ya DIN, kwa kuwa ndiyo inayoumbua mikono. Pini zake zimeshikiliwa na plastiki laini. Joto likizidi pini inapinda, na plagi haitaingia tena popote. Fundi mjanja haishiki kwa vidole wala kwa plaisi. Anaichomeka kwanza kwenye soketi kuukuu isiyo na kazi, soketi inazizuia pini zisisogee na inapunguza joto, ndipo anaanza. Anamenya waya milimita chache, anasokota nyuzi zake kwa upande uleule zilivyosokotwa kiwandani, anazipaka lehemu kidogo. Lehemu ya zamani, ya bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Nyingi za kisasa zisizo na risasi zinataka 217 na zaidi, jambo ambalo plastiki ya mwaka 1975 hailifurahii.

Kinachopashwa moto ni chuma, si lehemu. Ncha ya pasi inagusa pini na waya kwa pamoja, lehemu inaletwa kutoka upande wa pili, na chuma chenyewe ndicho kinachoiyeyusha. Sekunde mbili, tatu. Pasi inaondoka na mkono unatulia mpaka lehemu igande. Hapo ndipo wengi huharibu, wanapuliza, wanajaribu kuvuta waya waone kama umeshika. Kiungo kilichotikisika kabla ya kuganda huwa na uso wa chengachenga; kitapitisha umeme leo na kukataa kesho kutwa. Kilichotulia hung'aa, na lehemu huwa imepenya katikati ya nyuzi za shaba kama chai inavyopanda kwenye andazi lililochovywa. Dawa ya kusafishia iwe ile ya utomvu wa msonobari, iliyomo ndani ya lehemu yenyewe. Kile kikopo cha mafundi wa ndoo na mabati kina tindikali: kiungo kitapendeza, halafu kitaliwa taratibu ndani ya ganda, pasipoonekana.

Kuna mahali pa kutolehemu pia. Waya unaokwenda kubanwa kwa skrubu usiupake lehemu. Ni laini, inakubali kukandamizwa mwaka baada ya mwaka, na skrubu iliyokazwa barabara hujikuta imelegea bila kuguswa na mtu. Shaba tupu iliyosokotwa vizuri inashika kwa uhakika zaidi.

Sasa waya wenyewe, ambao ndio unaoleta ugomvi. Hadi katikati ya miaka ya 1970 watu wengi waliunganisha spika kwa waya wa kawaida wa taa na hawakuona haja ya kuujadili. Kisha wakaja wauzaji, Noel Lee na Monster Cable yake ya California wakiwa mstari wa mbele, na waya ukageuka bidhaa ya kuwekwa kabatini. Hawakuwa wamekosea kabisa. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, ukivutwa mita 5 hadi kwenye spika, una mita 10 za shaba kwa kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni kama omu 0.34. Kwa LS3/5A za mwanzo, zile spika ndogo ambazo BBC ilizibuni kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, zenye omu 15, hiyo ni kama asilimia 2, haifai kukunyima usingizi. Kwa spika ya omu 4 ni zaidi ya asilimia 8, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka besi kwenda juu, waya unaanza kupunguza huku na kuacha kule. Weka waya wa 2.5, unene uleule wa nyaya za soketi za nyumba ila wenye nyuzi nyingi laini, na ukinzani unashuka hadi kama omu 0.07. Basi, mjadala umekwisha. Anayelipa zaidi ya hapo analipia ganda la rangi na maneno ya kwenye boksi, na ni haki yake, pesa ni zake.

Waya unaotoka kwenye sahani ya santuri kwenda kwenye amplifaya ni habari nyingine. Sindano ya kawaida ya sumaku hutoa takriban milivolti 5. Kitu kidogo hivyo kinahitaji nguo, na nguo yake ni ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa katikati. Wavu ukikatika ndani ya plagi, chumba kizima kinaingia: mvumo wa umeme wa ukutani, hata pikipiki inayopita nje. Plagi zenyewe, za RCA, zina kasoro ya kuzaliwa. Pini ya katikati hugusa kabla ya ganda la nje, kwa hiyo anayechomeka bila kuzima amplifaya hupokewa na mngurumo unaoweza kumtoa roho yeye na spika zake.

Kisha chanya na hasi. Spika mbili zikipishana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi hupotea na mwimbaji hana mahali pa kusimama. Sauti inaelea, haitoki popote. Rangi za waya wa zamani zisiaminiwe, huenda kuna aliyetangulia kufungua. Betri ya volti 1.5 inatosha: igusishe kwa nukta moja kwenye ncha za wufa, ile spika ya besi; koni ikitoka mbele, ncha iliyoguswa na upande wa chanya ndiyo chanya. JBL za zamani hufanya kinyume, chanya kwenye ncha nyekundu na koni inarudi ndani. Na ndani ya sanduku kuna miundo ambayo twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, imeunganishwa kinyume kwa makusudi ya mhandisi, ili sauti zikutane sawasawa pale wufa inapoiachia twita kazi. Mwenye kiherehere huona hilo, akadhani kiwanda kilipitiwa, akakisahihisha.

Kutoboa mbao ni kitendo kisichorudi nyuma, na fundi wa kweli hukiogopa. Anatafuta kibao cha vibanio vipya kinachojaa kwenye tundu la zamani, au anatengeneza bamba dogo linaloenea. Sanduku likiwa la kufungwa kabisa, kama lile la AR-1 ya Edgar Villchur iliyotoka Marekani mwaka 1954, hewa iliyomo ndani ndiyo springi ya koni. Ukiacha mwanya wa unywele pembeni mwa bamba umeikata springi hiyo, na besi ikipanda utasikia mluzi. Gasketi inarudishwa, koni inasukumwa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikirudi polepole, sanduku limeshika.

Shida ni kudai hela. Aliyepigiwa rangi gari anaiona rangi. Huyu anakaa kwenye kochi, anaweka santuri anayoijua, anasikiliza upande mzima, halafu anageuka. "Fundi, mbona iko vilevile?"

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa hivi ulipoinunua."

Plagi kuukuu humrudishia mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni, asizitupe, maana spika yenye vitu vyake vya asili ina thamani. Ndani ya sanduku, kabla ya kufunga skrubu ya mwisho, huandika kwa penseli kwenye mbao tupu kwa ajili ya fundi atakayefuata: nyeupe ni chanya, lehemu ni ya risasi, twita imegeuzwa kiwandani, usiirekebishe.